Hajali, amesusa au amechoka? Neno apathi na mahali pake

Mwaka juzi nililetewa ripoti ya kurasa 40 niitoe kwenye Kiingereza niilete kwenye Kiswahili, ilikuwa ya mradi mmoja wa maji huko juu upande wa Kibosho. Kazi yangu ndo hiyo, nina meza na kompyuta hapa Moshi mjini sio mbali na stendi, naandika barua za watu, mikataba ya kupanga nyumba, wosia, maombi ya kazi, na mashirika nayo yakiwa na ripoti zao huniletea. Ukurasa wa 11 kulikuwa na sentensi fupi inasema mradi unakwama kwa sababu ya apathy ya wanakijiji. Nikafungua kamusi kuhakikisha, nikakuta kutojali, nikaandika: "Mradi unakwama kwa sababu ya wanakijiji kutojali." Nikahamia ukurasa wa 12, hata dakika haikuisha.

Wiki mbili mbele wakaniomba nipande nao nikaisome kwenye mkutano. Tulikaa kwenye darasa la shule ya msingi, watu wazima wamebanana kwenye madawati ya watoto, nje manyunyu. Nilipofika kwenye ile sentensi mzee mmoja aliyekaa karibu na mlango akanyoosha mkono, koti la mvua hajalivua, mabuti yana matope, mzigo wake wa majani ya ng'ombe kauegesha pale nje ukutani.

"Mwanangu, hebu rudia hapo."

Nikarudia.

"Hatujali."

"Ndivyo ilivyoandikwa, mzee."

"Hawa wameandika kwa lugha yao. Hilo neno la Kiswahili limeandikwa na nani?"

Nikasema mimi. Akanyanyuka taratibu ameshikilia dawati. "Mimi na goti hili nimekuja msaragambo mara tatu kuzibua mfongo. Mara ya nne sikuja. Nani alikuja kwangu kuniuliza kwa nini?" Darasa likawa kimya kabisa, afu mama mmoja huko nyuma akasema na hesabu hatujasomewa mpaka leo, mwingine akasema maji yenyewe huku chini hayafiki, bas watu wote wakaanza kuongea kwa mpigo na ripoti haikusomwa tena siku ile.

Kwa asiyejua, msaragambo ni kazi ya pamoja ya wanakijiji, na mfongo ni mfereji wa jadi wa maji. Wachagga walichimba mifongo kutoka kwenye mito ya mlimani kuleta maji vihambani, yani kwenye mashamba ya nyumbani, tangu zamani kabla hata Mjerumani hajafika, na mfongo unaishi kwa sababu nyumba zinazotumia yale maji zinatoa watu kwenda kuusafisha. Mtu amezaliwa amekuta hivyo, babu yake alienda, baba yake alienda, yeye ameenda tangu kijana, halafu siku moja anaamua haendi. Hapo kuna kitu kizito kimetokea moyoni kwake na mimi nilikiita kutojali.

Sasa tangu siku ile hili neno silipiti haraka tena, na naona tunalitumia vibaya kila mahali, kwenye ripoti, kwenye hotuba, kwenye insha za wanafunzi, hata nyumbani tunaposema fulani siku hizi hajali. Naomba tulifungue pole pole.

Kiingereza wanaliandika apathy, sisi tukilitamka linakuwa apathi na huku mbele nitaliandika hivyo. Asili yake ni Kigiriki. Pathos kwao ni kile kinachompata mtu kikamgusa ndani, uchungu, hamu, huruma, hasira, vyote, na ile a ya mbele inakanusha. Kwa hiyo apathi ni hali ya mtu asiyeguswa. Cha kushangaza ni kwamba ilianza ikiwa sifa nzuri. Zeno, yule aliyeanza kufundisha Athens kwenye miaka ya 300 hivi kabla ya Kristo na wafuasi wake wakaitwa Wastoa, yeye na wenzake waliona apatheia ndo shabaha ya mtu mwenye hekima, yani woga na tamaa na hasira havimburuti tena, ametulia. Watawa wa jangwani Misri kwenye karne ya 4 nao waliisifia, mmoja wao Evagrius aliandika sana habari hizo, na hao hao watawa walikuwa na neno jingine kabisa la ile hali mbaya waliyoiogopa, akedia. Evagrius anaieleza vizuri mpaka unamuona mtu: mchana jua kali, mtawa anachungulia dirishani aone jua limefika wapi, siku haisogei, chumba kimemchosha, ndugu zake wamemchosha, kazi ya mikono yake anaiona haina maana. Yani watu wa miaka 1600 iliyopita walikuwa na neno moja la aliyetulia na neno lingine la aliyekufa moyo. Kiingereza kilipolichukua apathi mwanzoni mwa karne ya 17 bado lilikuwa na harufu ya ule utulivu, afu kidogo kidogo likageuka lawama, na leo ukimwambia mtu ana apathi hujamsifia hata kidogo.

Na sisi tunavyo hivyo viwili. Ametulia, na hajali. Mama akipata msiba akakaa kimya halii, kuna jirani atasema ametulia mama wa watu, ana imani, na kuna jirani mwingine atasema huyu hana uchungu. Ni uso ule ule mmoja wanautazama wote wawili.

Kabla sijaenda mbali, kuna ndugu wa hili neno wanaochanganywa nalo. Simpathi ni kumuonea mtu huruma, kuumia pamoja naye. Empathi ni kujiweka kwenye nafasi yake uhisi anachohisi, na hili ni neno changa kabisa, mwanasaikolojia Edward Titchener ndiye aliyelitunga kwa Kiingereza mwaka 1909 akitafsiri neno la Kijerumani. Antipathi ni kumchukia mtu au kitu, moyo wako unamkataa. Hapo kwenye antipathi ndo watu wanajikwaa, utasikia mtu anasema mama mkwe ana apathi na mke wa mwanae, kumbe anataka kusema hawaivi. Mama mkwe ambaye hawaivi na mkwewe hana apathi jamani, huyo anawaza habari za mkwewe kutwa nzima, anajua kapika nini na kaamka saa ngapi!

Kuna na ile sifa, mwenye apathi kwa Kiingereza anaitwa apathetic, ukidondosha ile herufi ya kwanza inakuwa pathetic na hiyo ni habari nyingine, maana yake mtu wa kusikitisha, dhaifu wa kudharaulika. Kijana wa form six aliniletea insha yake niichape, alitaka kusema vijana wenzake hawana mwamko, na kumbe kwenye kila aya anawatukana. Herufi moja. Nikamuonyesha tukarekebisha sehemu sita.

Afu sarufi yake ni rahisi. Apathi haihesabiki, ni kama usingizi au njaa, huwezi kusema nina apathi mbili. Ila kama mtu hajapoa kwenye kila kitu, lazima iwe ya kitu fulani, na hapa ndo naomba mtu ashike maana makosa mengi yanaanzia hapa. Ukisema "vijana wa Majengo wana apathi" umesema nusu sentensi, kuhusu nini? Wapo vijana hapa mkutano wa mtaa hawaukanyagi lakini mechi ya timu yao ikianza saa kumi, saa nane wameshafika uwanjani, na mwenzao akifiwa ndani ya lisaa wameshachanga hela na turubai limeshafungwa. Ukimwona mtu kapoa kwenye jambo lako usiseme kapoa kwenye maisha. Sema "wana apathi kuhusu mikutano ya mtaa", hapo angalau sentensi imekamilika na mtu anaweza kukuuliza kwa nini mikutano tu.

Sasa kipimo. Mimi nina kipimo kimoja nakitumia kila nikikutana na hili neno, najiuliza: hicho kitu kikiharibika, huyu mtu kitamuuma? Kama kitamuuma, basi sio apathi, tafuta neno lingine. Na Kiswahili kwa hili kimejaaliwa, kina maneno mengi ambayo Kiingereza cha kwenye ripoti kinayasomba yote kwenye gunia moja.

La kwanza ni kususa, na hili ndo lilikuwa la yule mzee. Mtoto akisusa chakula ujue njaa anayo. Amekaa pale mlangoni amekunja uso, sufuria analisikia linavyofunikwa, harufu anaisikia, na hali, kwa sababu kuna jambo alilofanyiwa na anataka mtu mmoja tu aje amuulize. Ukipita ukasema huyu mtoto hajali chakula umemuongezea donda. Watu wazima wanasusa vile vile, vikao vya ukoo, kanisani, vicoba, chama cha ushirika, na kila mara anayesusa anajali kuliko hata aliyehudhuria, kwa sababu aliyehudhuria wakati mwingine kaja kunywa soda. Kwenye mfongo ule wanakijiji walikuja mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mara zote wakaahidiwa hesabu zitasomwa, na nyumba za chini maji hayafiki wakati nao wamechimba. Wakakaa kwao. Kila mtu kivyake na jembe lake.

La pili kukata tamaa. Mwaka 1967 Marekani, watafiti Martin Seligman na Steven Maier walikuwa na mbwa waliopigwa shoti za umeme mahali ambapo hakuna namna ya kuzikwepa, baadaye wakawaweka kwenye boksi ambalo kuruka kizuizi kidogo tu wangepona, na wengi hawakuruka, walilala pale wakilia chini chini. Inauma kuisoma. Lakini angalia, walikuwa wanalia. Kinauma, ila mnyama ameshajifunza kwamba akifanya asifanye ni yale yale. Yule mama aliyefuatilia hati ya kiwanja miaka minane, njoo kesho, njoo Jumatatu, faili halionekani, akaacha kwenda, ukimuona amekaa unasema hajali kiwanja chake? Muulize tu namba ya lile faili uone kama hakutajii bila kusoma popote.

Uvivu haunichukui muda, mvivu ugali anautaka sana, jembe ndo hataki. Uzembe ni wa mtu mwenye dhamana, dereva, mlinzi, fundi, kazi ameipokea na anaifanya bora liende. Dharau ni ya mtu anayekuona ila anakuona mdogo. Hayo matatu yote watu wanayaita kutojali na angalau hapo hawajakosea mbali, lakini neno lenyewe likiwepo kwa nini usilitumie.

Woga ndo unafichika zaidi, na pia ile hali ya kila mtu kumsubiri mwenzake. Kuna kisa maarufu, mwaka 1964 New York mwanamke anaitwa Kitty Genovese aliuawa usiku karibu na nyumbani kwake, na gazeti la New York Times likaandika watu 38 waliangalia hakuna aliyeita polisi wakati anashambuliwa. Baadaye ikaja kuonekana ile hesabu ilikuzwa sana, walioona na kuelewa kinachoendelea walikuwa wachache, na kuna jirani alishuka akamshika mikononi mpaka gari la wagonjwa likafika. Ila wakati ule dunia nzima ilisema watu wa mjini wana apathi. Wanasaikolojia wawili, John Darley na Bibb Latané, wakaamua kujaribu, na mwaka 1968 wakatoa majibu. Walimuweka mwanafunzi peke yake chumbani anaongea na wenzake kwa kutumia vipaza sauti, afu mmoja anasikika anaanza kudondoka kifafa. Waliodhani wanamsikia peke yao, asilimia 85 walikimbia kutafuta msaada kabla hajanyamaza. Waliodhani kuna wengine wanne nao wanamsikia, asilimia 31 tu.

Mtu akiishia hapo atasema haya, si ndo apathi hiyo. Lakini watafiti walipoingia kwa wale ambao hawakutoka waliwakuta mikono inatetemeka, viganja vimelowa jasho, wanauliza yule vipi, yuko salama? Hao watu walikuwa wameungua ndani kuliko hata waliotoka. Hawakujua wafanye nini wakati wengine wapo. Na mpaka leo vitabu vingi vinaiita hiyo hali apathi ya watazamaji, jina lilishaganda, japo waliolichunguza walionyesha wenyewe kwamba haikuwa apathi. Mimi nililiona hili kwa macho pale stendi, kijana kaanguka kifafa, watu wamesimama duara, wengine wameshika mdomo, na mama mmoja anayeuza ndizi mbivu akaweka beseni chini akanyoosha kidole, wewe wa jaketi la bluu njoo umlaze ubavu, wewe sogeza hilo begi, wewe piga simu. Wote watatu waliruka sekunde ile ile. Mtu mwenye apathi haruki hivyo kwa kunyooshewa kidole.

Kuna na mahesabu tu ya kawaida ya maisha. Baba yangu alikuwa na kahawa, kama wazee wengi wa huku, KNCU, chama chetu cha ushirika wa kahawa, imeanza 1933 na wao wamesomesha watoto kwa kahawa. Nilipokuwa mdogo nilimbebea ndoo ya mrututu, ile dawa ya bluu ya mibuni, wakati wa kupulizia, mikono inabaki na rangi ya bluu siku mbili. Afu mwaka 1989 ule mkataba wa dunia uliokuwa unagawa kiasi cha kahawa kila nchi iuze ukavunjika, bei ikaporomoka, dawa zikapanda, na baba akaacha kupogoa, akaacha kupulizia, katikati ya mibuni akaweka maharage na majani ya ng'ombe. Bwana shamba mmoja akapita akasema wakulima wa siku hizi hawajali kahawa. Baba alikuwa anaijua kichwani bei ya kilo moja ya kila msimu aliouza, anakutajia mpaka na mwaka. Aliacha kwa sababu alipiga hesabu akaona analisha kahawa badala ya kahawa kumlisha yeye, na mibuni hakuing'oa hata mmoja.

Na uchaguzi ndo usiseme. Hapa Tanzania 2005 walijitokeza kupiga kura asilimia 72 ya walioandikishwa, 2010 wakashuka mpaka 43 hivi, 2015 wakapanda tena 67. Kama ile ya 2010 ilikuwa apathi, yani moyo wa watu ulikufa, ulifufuka vipi ndani ya miaka mitano? Anayetaka kujua inabidi akaulize watu nyumba kwa nyumba na sio kulibandika neno akalala.

Baada ya kuyatoa hayo yote, kinachobaki ndo apathi yenyewe, na ipo, na inatisha ukiiona kwa karibu. Jirani yangu mmoja hapa Pasua ni bibi aliyekuwa na kuku, kuku hasa, anawajua mmoja mmoja, huyu katagia kwenye pipa, yule anaatamia. Akapata kiharusi, mkono ukarudi, maneno yakarudi, akawa anatembea. Ila kuku hakuwauliza tena. Wanae wakamletea kifaranga wakakiweka mapajani, akakitazama, akatazama ukuta. Ukimpa chakula anakula, usipompa haombi. Ukimuuliza bibi una huzuni anasema hapana, na ukimtazama kweli hana. Binti yake akawa analia, anasema mama kanichukia, mama ananifanyia kusudi. Mpaka dokta akawakalisha akawaeleza kwamba hiyo ni sehemu ya ugonjwa, kile kinachomsukuma mtu kutaka kitu kimeguswa kwenye ubongo, hachagui, hafanyi kusudi.

Madaktari wanalitumia neno apathi hivyo, na ndo matumizi sahihi kuliko yote ninayoyajua. Inawapata wengi baada ya kiharusi, inawapata wenye Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka, na wenye Alzheimer, ule wa kupoteza kumbukumbu, na mwaka 1991 daktari wa Marekani anaitwa Robert Marin aliandika kutetea kwamba ihesabiwe hali ya peke yake na isichanganywe na sonona. Mwenye sonona anaumia, analala na uzito kifuani, anajilaumu. Mwenye apathi yeye haumii, wanaoumia ni wale wanaomuuguza. Zamani kidogo, kwenye miaka ya 1930, daktari Cicely Williams alikuwa kule nchi ambayo leo ni Ghana, akaandika habari za watoto wenye ugonjwa aliouita kwashiorkor kwa jina alilolikuta kwa wenyeji, sisi huku wengi tunaita kwashakoo. Wanaofundisha ugonjwa huo husema mtoto anakuwa na apathi, hachezi, ukimpa kitu hapokei, na husema pia kwamba siku akitabasamu ujue ameanza kupona, kabla hata kilo hazijapanda vizuri. Ile hamu ikirudi inaonekana usoni.

Ndo maana kwa mgonjwa wa namna hii mimi silitumii neno kutojali hata siku moja. Kutojali kwa Kiswahili chetu ni lawama, tunamaanisha mtu anaweza kujali na amekataa. Hajali mke wake. Hajali watoto. Hapo kuna mkosaji. Apathi ya bibi wa kuku haina mkosaji. Neno lililo karibu zaidi naona ni ganzi, moyo umekufa ganzi, kwa sababu mguu uliokufa ganzi hakuna anayeugombeza, unausugua tu taratibu ukisubiri damu irudi. Au sema kwa urefu, amepoteza hamu ya kila kitu. Binti yake siku hizi anasema hivyo, "mama moyo umemfia ganzi", na sauti anayoitumia ni tofauti kabisa na ile ya mwanzo.

Kwa hiyo kwenye maongezi ya kila siku, mtu akisema "tangu augue ana apathi, hata mjukuu akija hageuki", hapo neno limekaa. "Nina apathi kuhusu rangi ya mapazia, weka unayotaka wewe" nayo imekaa, jambo dogo ambalo kweli halikugusi. "Nilipita miezi baada ya talaka nikiwa na apathi, siumii wala sifurahi" imekaa vizuri sana. Lakini "wafanyakazi wana apathi tangu mishahara icheleweshwe", hapana, wana hasira, andika hasira. "Mwanafunzi ana apathi, hanyooshi mkono darasani", pengine alishawahi kuchekwa. "Abiria wana apathi, konda anatukana mama wa watu na wamenyamaza", hao wanaogopa au wanasubiriana. Na "mke wangu ana apathi siku hizi haniulizi hata nimetoka wapi", hapo ndugu yangu usiandike neno lolote kwanza, nenda kakae naye.

Ile ripoti niliomba nirudishiwe. Ofisa wao hakukataa, ila aliuliza kwa nini sentensi moja imekuwa tatu. Niliandika hivi: "Wanakijiji walikuja msaragambo mara tatu. Hesabu za mradi hazikusomwa na maji hayakufika nyumba za chini. Mara ya nne walisusa." Nikapanda nayo mwenyewe kwa hiace siku ya Jumamosi nikamsomea yule mzee nyumbani kwake, amekaa kwenye kigoda anamnolea mkewe kisu, akasikiliza mpaka mwisho.

"Na ile ya Kiingereza mmeibadilisha?"

Nikamwambia bado, ile bado inasema apathy.

"Wanaosoma hiyo ndo wenye hela," akasema, akaendelea kunoa.

Wiki hii niko kwenye hiyo ya Kiingereza. Neno moja tu linalobeba kususa sijalipata, boikoti wanayo ila hiyo ni ya kupangwa, na kule hakuna aliyempanga mwenzake. Neno apathy nimelifuta, na mahali pake naandika kwa kirefu, mara tatu walikuja, na mara ya nne nini kiliwafanya wabaki nyumbani.